Jaribio la dawa lina walinzi, faili la mgonjwa halina

Desemba 2025 Kenya na Uganda zilitia saini makubaliano ya afya na Marekani, zikipishana kwa siku chache tu. Kabla wino haujakauka, Mahakama Kuu jijini Nairobi ikasimamisha kwa muda sehemu ya makubaliano ya Kenya inayohusu kupeleka nje data za afya za wananchi, baada ya shirika la kutetea watumiaji kufungua kesi. Nafurahi kwamba swali hilo limefika mbele ya jaji mahali fulani Afrika Mashariki. Ila limefika likiwa nusu. Serikali moja kuomba data za serikali nyingine ni upande mmoja tu. Upande wa pili ni kampuni: zile zinazolipwa kuendesha majaribio ya dawa kwa niaba ya viwanda, na zile zinazokusanya, kupanga na kuuza taarifa za matibabu. Hizo hazisubiri mawaziri watie saini. Zinaingia hospitali moja moja, mkataba mmoja mmoja.

Kubwa kuliko zote ni IQVIA ya Marekani, yenye wafanyakazi zaidi ya 80,000 katika nchi zaidi ya 100. Ilizaliwa mwaka 2016 pale Quintiles ilipoungana na IMS Health. Quintiles ilikuwa ikikodiwa na viwanda vya dawa kufanya kazi yote ya jaribio: kutafuta hospitali, kusajili washiriki, kukagua mafaili, kuandaa ripoti ya kupeleka kwa mamlaka za dawa. IMS ilikuwa na kazi nyingine kabisa. Ilinunua rekodi za mauzo kutoka maduka ya dawa na wauzaji wa jumla, ikazichambua, kisha ikaviuzia viwanda ili vijue dawa gani inaandikwa wapi na nani anaiandika. Leo zote mbili ziko chini ya paa moja. ICON, Parexel na PPD, wapinzani wake, wameegemea zaidi kwenye majaribio.

Naanza na historia hiyo kwa sababu mjadala wetu unazichanganya biashara hizi mbili. Anayesema "wanatugeuza panya wa majaribio" anazungumzia ya kwanza. Anayesema "wanauza siri zetu" anazungumzia ya pili. Hatari zake si moja, na ulinzi wake si mmoja. Mimi nasema hivi: ya kwanza tuipokee kwa masharti magumu, kwa sababu Uganda inajua kuisimamia. Ya pili tuibane kuliko tunavyoibana sasa, kwa sababu mgonjwa hajui hata kama ipo.

Uganda si mgeni wa utafiti. Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe, UVRI, ilianza mwaka 1936 ikichunguza homa ya manjano, na watafiti wake ndio waliogundua virusi vya Zika mwaka 1947 katika msitu wa jirani. JCRC, kituo cha utafiti wa UKIMWI cha Kampala, ilianzishwa mwaka 1990, wakati UKIMWI ukimaliza familia nzima nzima. Mwaka 1999 jaribio la kwanza barani Afrika la chanjo ya kuzuia VVU lilifanyika hapa. Na mwaka huohuo yakatangazwa matokeo ya jaribio la Kampala lililoitwa HIVNET 012: dozi moja ya dawa ya nevirapine kwa mama mwenye VVU akiwa na uchungu, na moja kwa mtoto baada ya kuzaliwa, ilipunguza maambukizi ya mtoto kwa karibu nusu ikilinganishwa na dawa ya AZT iliyotolewa kwa muda mfupi. Kwa nchi maskini zilizokuwa zikizika watoto wachanga, habari hiyo ilikuwa kubwa.

Yaliyofuata hayasimuliwi sana, na kwangu ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote kwa upande wa kampuni. Kiwanda cha Boehringer Ingelheim, mtengenezaji wa nevirapine, kilipoomba idhini Marekani kwa kutegemea jaribio hilo, wakaguzi walikuta kasoro katika utunzaji wa kumbukumbu. Mwaka 2002 kiwanda kikaondoa ombi lake. Yakafuata miaka ya tuhuma na malumbano, mpaka mwaka 2005 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipopitia data upya na kusema matokeo yalikuwa sahihi. Yaani madaktari wa Kampala walikuwa wamepata jibu la kweli, lakini karatasi zao hazikuweza kulitetea. Watu waliokuwa na sababu zao za kuikataa dawa walipata silaha ya bure.

Kazi ya kampuni hizi ni kuzuia hilo lisitokee. Mkaguzi wake hukaa katika chumba cha nyuma cha kliniki, mafaili upande huu na kompyuta upande ule, akifuata kila namba mpaka pale ilipoandikwa mara ya kwanza. Presha ilikuwa 118 au 181? Sindano ilichomwa tarehe 3 au 8? Mshiriki alitia saini kabla damu haijachukuliwa, au baada? Nesi akikosea hafuti kwa wino mweupe. Anapiga mstari mmoja ili kosa lionekane, anaandika sahihi pembeni, anatia tarehe na herufi za jina lake. Mshiriki akilazwa au akifariki, taarifa lazima itoke ndani ya saa 24, hata kama ni Jumapili na kilichomuua ni ajali ya bodaboda. Inachosha. Lakini nesi aliyepita katika mafunzo hayo ana kitu mkononi ambacho wadi nyingi za serikali hazijakipata.

Na hapohapo pana jeraha. Mradi wa utafiti hulipa kuliko serikali, na nesi aliyeiva huondoka hospitali ya wilaya kwenda kwenye mradi. Wadi aliyoiacha haipati mwingine. Sijaona mkataba wa utafiti unaobeba gharama hiyo, na nadhani ungepaswa kuibeba.

Kuna hoja nzito zaidi ya hiyo: ustadi huo unakwenda pesa zinakokwenda. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya FEAST, jaribio lililofanyika katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, zikiwemo Mbale, Soroti, Lacor na Mulago. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mshtuko walihusika. Desturi iliyofundishwa duniani kote ilikuwa kuwatundikia maji ya mshipa kwa kasi. Ikaonekana kwamba waliopewa maji hayo walikufa zaidi: karibu asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya asilimia 7.3 ya wasiopewa. Mzazi yeyote aliyewahi kukesha Mbale msimu wa malaria anajua tofauti hiyo ni watoto wangapi. Jaribio hilo lililipwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, pesa za umma. Hakuna kiwanda ambacho kingepata faida kwa kugundua kwamba maji ya chumvi yanaua, kwa hiyo hakuna kampuni ambayo ingekodiwa kuligundua. Maswali yanayotuuma sisi mara nyingi hayana mteja.

Basi tutegemee pesa za umma za nje? Mwaka 2025 umetuonyesha udhaifu wake. Januari Marekani ilisimamisha misaada, na majaribio kadhaa barani Afrika yaliyofadhiliwa na shirika lake la misaada, USAID, yakakatwa katikati, washiriki wakiwa bado wanahitaji kufuatiliwa. Mei, taasisi za afya za Marekani, NIH, zikasitisha utaratibu wa zamani wa kupitisha ruzuku kwa washirika wa nje. Kituo cha Kampala au Entebbe kilichoishi kwa ruzuku hizo kimelazimika kuzitazama kampuni kwa jicho jingine. Anayesema kampuni zifukuzwe sharti aseme pia mishahara ya maabara italipwa na nani.

Tena kuna matunda ambayo bila kiwanda yasingepatikana. Lenacapavir, sindano ya kukinga VVU inayochomwa mara mbili kwa mwaka, ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda chini ya kampuni ya Gilead. Matokeo yalitoka mwaka 2024: kati ya wanawake 2,134 waliochomwa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Mama mwenye binti wa miaka 18 hawezi kulisikia hilo akabaki baridi. Bei iliyotangazwa Marekani mwaka 2025 ilikuwa dola 28,218 kwa mwaka. Gilead ilikuwa imetoa leseni kwa watengenezaji sita wa dawa nafuu kuhudumia nchi 120, Uganda ikiwemo, na Septemba 2025 ikatangazwa bei ya takriban dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Sisi tumo. Brazil, Argentina, Mexico na Peru, ambako jaribio la pili la dawa hiyohiyo lilifanyika, hazimo katika leseni hiyo. Miili ya watu wao ilisaidia kuthibitisha dawa, lakini nchi zao zikaachwa nje ya mlango wa bei nafuu.

Kwa hiyo sharti la dawa kuifikia jamii iliyoshiriki, kwa bei inayolipika, liandikwe kabla mshiriki wa kwanza hajasajiliwa. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba, linataka mipango hiyo iwekwe mapema. Uganda isikubali maneno ya jumla katika kifungu hicho. Itake bei, muda na jina la atakayewajibika.

Hata hivyo, lazima nikiri kwamba mlango wa majaribio unalindwa. Kwanza kuna kamati ya maadili ya utafiti, halafu Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, na ikiwa ni dawa, Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Vituo vingi vina bodi za ushauri za jamii. Mshiriki anaelezwa, anapewa nakala, anarudishiwa nauli, anaweza kujitoa siku yoyote. Na pale haraka inapohitajika, milango hiyo inaweza kufunguka upesi: Ebola ya aina ya Sudan ilitangazwa tarehe 30 Januari 2025, na tarehe 3 Februari jaribio la chanjo lililopewa jina Tokomeza likaanza. Siku nne. Mimi niliona fahari.

Kasoro niionayo iko kwenye lugha na kwenye marejesho. Mkimbizi wa Nakivale aliyetoka Kivu, mfanyabiashara wa mpakani Busia, mjane anayeishi karibu na kambi ya jeshi: hawa husikia Kiswahili kuliko Kiingereza au Luganda. Fomu inapaswa kuwa katika lugha ambayo mshiriki anaielewa, na msomaji wa Kiswahili akiletewa fomu iliyotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, amepewa maneno, hajapewa maana. Mazungumzo huwa mafupi mno. "Mama, ukikubali unaweka kidole gumba hapa, na shahidi wako anasaini pale." "Haya, mwanangu. Na majibu ya huu utafiti wenu mtatuletea lini?" Hapo mhudumu hana la kusema, kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kurudi. Matokeo yatatoka baada ya miaka, katika jarida la London au Boston, na mama atayasikia siku dawa itakapouzwa dukani, kama itauzwa.

Sasa tuje kwenye faili.

Ingia kituo chochote cha afya cha daraja la tatu. Mezani pana kitabu kikubwa, rejista ya wagonjwa wa nje. Mstari mmoja kwa kila mtu: jina, kijiji, umri, uzito, ugonjwa, dawa. Mwisho wa mwezi mhudumu anahesabu mistari hiyo kwa kalamu na kujaza fomu 105, ambayo inaingizwa kwenye mfumo wa taifa wa DHIS2. Kinachopanda juu ni jumla tu: malaria wangapi, kuhara wangapi. Majina yanabaki kijijini. Mfumo huo sina ugomvi nao. Ndio unaotuambia pale homa inapozidi wilayani, na dawa zipelekwe wapi.

Hospitali na kliniki binafsi za mjini ni habari nyingine. Faili zima liko kwenye programu ya kompyuta iliyotengenezwa na kampuni moja, kuhifadhiwa kwenye seva ya kampuni nyingine, kuunganishwa na bima, maabara na duka la dawa. Mgonjwa amejaza fomu ya usajili pale mapokezi, mtoto akilia mgongoni. Amekubali kutibiwa. Je, amekubali pia historia yake ichambuliwe na mtu asiyemjua, ili kiwanda kijue soko lake? Hakuna kamati ya maadili iliyokaa kujadili mkataba huo wa programu. Hakuna nakala aliyopewa aende nayo nyumbani. Yale yote yanayomlinda mshiriki wa jaribio, kwa mgonjwa wa kawaida hayapo.

Watetezi wa biashara hii wana hoja, tena si ndogo. Rekodi za kila siku huonyesha yasiyoonekana kwenye majaribio. Nchi ilipoanza kuwahamishia wagonjwa wa VVU kwenye dawa ya dolutegravir, madaktari wa Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza pale Mulago, IDI, waliona wachache miongoni mwa wagonjwa wao sukari ikipanda ghafla, jambo ambalo majaribio ya awali hayakuwa yamelionyesha wazi. Walichapisha mwaka 2020, na wahudumu wakajua cha kupima. Mafaili yaliokoa watu. Anayetaka kuyafungia mafaili yote kabatini akumbuke hilo.

Hoja yao ya pili ni kwamba majina huondolewa. IQVIA yenyewe husema ina rekodi za wagonjwa zaidi ya bilioni 1.2 zisizo na utambulisho. Hapa sikubaliani nao kwa urahisi. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alionyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta vilitosha kuwatambua Wamarekani wapatao asilimia 87. Sisi hatuhitaji hata namba ya posta. Mwanamke wa miaka 34, mama wa mapacha, kijiji fulani cha Kalungu, anatumia dawa za VVU tangu 2012: ondoa jina lake, na nusu ya majirani watakutajia. Kwa ugonjwa ambao bado unavunja ndoa na kufukuzisha watu nyumba za kupanga, hilo si suala la nadharia.

Kalungu nimeitaja kwa makusudi. Huko Kyamulibwa wananchi wamefuatiliwa na watafiti tangu mwaka 1989, na DNA ya watu zaidi ya 6,000 wa eneo hilo ndiyo iliyozaa utafiti wa jenomu za Uganda, yaani ramani za urithi wa watu wake, uliochapishwa mwaka 2019, mmoja wa mikubwa zaidi ya aina yake Afrika. Nauheshimu mno. Lakini mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini kilidai kurudishiwa sampuli zake kutoka taasisi kubwa ya jenetiki ya Uingereza, kikihofia zimetumika kutengeneza bidhaa ya kibiashara bila makubaliano. Taasisi hiyo ilikana kosa. Hata tukiipa haki yake yote, ugomvi ule umetufundisha kwamba kilichotolewa kwa ajili ya sayansi kinaweza kusogezwa hatua moja moja mpaka kifike sokoni.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data za pekee zinazohitaji ulinzi wa ziada, na inaruhusu data kwenda nje ikiwa nchi ziendako zina ulinzi unaolingana na wetu au mwenyewe ameridhia. Kuuza data za mtu kinyume cha sheria ni faini isiyozidi shilingi milioni 4.9 au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili, na kampuni inaweza kutozwa hadi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Milioni 4.9 haimtishi mtu. Asilimia 2 inatisha. Na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi imeonyesha kwamba haiogopi majina makubwa: Julai 2025 iliiamuru Google ijisajili nchini, kufuatia malalamiko ya Waganda wanne. Kama imeweza kwa Google, itaweza kwa wafanyabiashara wa data za afya.

Wenzangu walioko vyuoni wataniuliza: hujui kibali kinavyochukua muda? Mwanafunzi wa Makerere anayetaka mafaili ya wajawazito wa Kawempe asubiri miezi, ilhali kampuni kubwa ina wanasheria wa kumalizia makaratasi? Wana haki. Ukali usiopangwa humkamata mdogo na kumpita mkubwa. Ndiyo maana kipimo kisiwe data kutumika, bali data zinakwenda wapi na nani ananufaika nazo. Utafiti wa ndani, usio wa kibiashara, upewe njia fupi. Data zinazovuka mpaka au kuuzwa zipite mbele ya kamati ya maadili kama jaribio la dawa linavyopita, na nakala yake kamili ibaki Uganda mahali ambapo Makerere na Mbarara wanaweza kuitumia bila kulipia.

Wenye hospitali binafsi hawana haja ya kusubiri Bunge. Machi 2025 kampuni ya Marekani ya 23andMe, iliyokuwa na taarifa za jenetiki za wateja wapatao milioni 15, iliomba ulinzi wa kufilisika, na taarifa hizo zikawa sehemu ya mali iliyouzwa. Atakayetia saini mkataba wa programu ya hospitali mwaka huu afungue ukurasa wa umiliki, aone kama umeandikwa kwamba mafaili ni ya nani kampuni ikinunuliwa au ikianguka, kwamba hayatauzwa hata yakiondolewa majina, na kwamba mgonjwa akiomba kujua nani ameyaona atajibiwa kwa maandishi. Kama vipengele hivyo havipo, arudishe mkataba kabla ya kusaini.